Kuchagua diwani mpya ya mashairi kwa wakubwa na watoto: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Sijashika kitabu cha mashairi tangu nimalize shule. Nianzie wapi?

Anza na diwani nyembamba ya mshairi aliye hai. Kurasa sitini au themanini zinatosha. Waache kwanza wale wakongwe uliowachambua darasani, hata kama uliwafaulu vizuri: jina likitajwa tu, akili inaanza kusaka dhamira na bahari ya shairi, na raha imeshaingia mitini. Utawarudia baadaye, na utashangaa walivyo watamu pasipo karatasi ya maswali pembeni. Kwa sasa tafuta mtu anayeandika juu ya mambo unayoyaishi: simu isiyopokelewa, mapenzi ya watu wazima wenye madeni, mzazi anayezeeka huku mnamtazama.

Wengi wanaosema hawapendi ushairi, ukiwasikiliza vizuri, wanachokichukia ni mtihani. Mtu huyohuyo anajua taarabu nzima kwa moyo na anakuimbia ubeti wa tatu bila kukosea neno. Huyo ni mpenzi wa ushairi tayari, ila hajapata kitabu chake.

Nina dakika chache tu za kukipekua. Nitazame nini?

Ruka shairi la kwanza. Mhariri anayeijua kazi yake hutanguliza lililo kali kuliko mengine, kwa hiyo halikuambii mengi kuhusu yanayofuata. Fungua katikati, kisha fungua robo ya mwisho, ambako mashairi dhaifu hupenda kujificha. Soma mawili kwa sauti, hata kama ni ya kunong'ona. Ukijikwaa mahali palepale mara mbili, na ulimi wako hauna tatizo, basi tatizo ni mstari.

Halafu pitia yaliyomo. Vichwa vyote vikiwa Amani, Umoja, Elimu, Rushwa na Mazingira, inawezekana umeshika mkusanyiko wa hotuba. Si kila mara, maana jambo kubwa linaweza kuandikiwa shairi zuri, lakini mshairi anayeona vizuri kwa kawaida huingilia mlango mdogo: sufuria lililotoboka, kiti ambacho hakikaliwi tena. Mimi kichwa cha namna hiyo hunifanya nifungue ukurasa.

Utangulizi mrefu unaoeleza kila shairi lina maana gani umewekwa kwa ajili ya wanafunzi. Hauharibu kitabu, ila usiusome kwanza. Angalia pia jinsi kilivyopangwa. Mshororo (mstari wa shairi) wa mizani kumi na sita, yaani silabi kumi na sita, unahitaji upana wa karatasi. Ukurasa ukiwa mwembamba, maneno mawili ya mwisho hudondokea chini, jicho linadhani ni mstari mpya, na mapigo yanapotea. Kwenye simu hilo hutokea sana. Ilaze simu kwa upana kabla hujamlaumu mshairi.

Nichukue yenye vina na mizani, au mashairi huru?

Vina ni silabi zinazofanana sauti katikati au mwishoni mwa mishororo, na ugomvi juu yake ni wa zamani na haujaisha. Mwaka 1954 mshairi Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi, na kwa wengi kitabu hicho kikawa ndiyo mizani ya kupimia nani mshairi na nani siye. Miaka 20 baadaye, mwaka 1974, mwandishi Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, diwani iliyoweka vina na mizani kando, na wanamapokeo wakawaka. Kwao, bila vina na mizani hakuna shairi. Wanausasa wakajibu kwamba shairi ni fikra na picha, na vina ni pambo tu. Makaratasi mengi yameandikwa tangu hapo.

Kwa mtu anayetafuta kitabu cha kufurahia, jibu ni jepesi: fikiria kitasomwaje. Mkisoma kwa sauti, watu wawili watatu sebuleni, shairi la arudhi, yaani la vina na mizani, lina nguvu kwa sababu kila mtu anakisikia kina kikija na kibwagizo kinapokewa. Ukisoma peke yako usiku, shairi huru hukupa nafasi ya kusimama unapotaka. Kwa watoto wadogo, chagua vina karibu kila mara.

Kuna jaribio moja la shairi huru ambalo silipuuzi kamwe. Lisome kana kwamba mistari yote imeunganishwa kuwa aya moja. Kama halijapoteza chochote, ile mistari ilikuwa imekatwa tu ili ipendeze machoni.

Nitajuaje kwamba vina ni vya kulazimisha?

Kiswahili kinampa mshairi vina vya bure, na hapo ndipo mvivu anapojulikana. Karibu kila kitenzi cha Kibantu kinaishia kwa -a, na nomino ukiitia -ni inapata kina papo hapo: nyumbani, moyoni, shambani, duniani. Tazama mishororo hii miwili niliyoitunga kwa makusudi:

Nilimkuta njiani, akitokea mjini,
huzuni tele moyoni, machozi tele usoni.

Hesabu: nane kwa nane, kamili. Vina vya kati na vya mwisho vimetimia. Mwalimu hana pa kutia kalamu nyekundu. Lakini umemwona mtu huyo? Mimi simwoni. Kiambishi -ni kimefanya kazi yote, na mshairi amekaa pembeni. Sasa jaribu hii:

Mkononi na kiatu, suruali ina tope,
hakusalimia mtu, wala hakupesa kope.

Huzuni haikutajwa popote. Kiatu ni kimoja na kiko mkononi, na wewe msomaji unaanza kujiuliza cha pili kiko wapi. Kupata kina cha -pe kulimlazimisha mtunzi azunguke, na katika kuzunguka huko akakutana na kope zisizopesa. Kina kigumu kikimfaa mshairi humfikisha mahali ambapo asingekwenda kwa hiari yake.

Dalili nyingine ni maneno ya kujazia mizani: hakika, yakini, asilani, abadani, jamani, wandani. Likitokea moja, sawa, hata mafundi wanalitumia. Yakitokea kila ubeti, na kila mara mwishoni mwa mshororo, mtunzi alikuwa anatafuta silabi tu.

Nikikutana na maneno nisiyoyajua kila mstari, nikiache kitabu?

Inategemea ni maneno gani. Baadhi si mageni, yamefupishwa au kurefushwa tu ili mizani itimie. Mshairi ana ruhusa hiyo, na majina ya mbinu hizo unaweza kuyakumbuka kutoka shuleni: inkisari hufupisha, mazida hurefusha, tabdila hugeuza silabi bila kuongeza wala kupunguza. Enda likawa enenda, sisi likawa siye. Ukisoma kwa sauti, mengi ya namna hii yanajieleza yenyewe.

Mengine ni ya lahaja. Mshairi wa Kiamu (cha Lamu) au Kimvita (cha Mombasa) ataandika ndia kwa maana ya njia, na ndaa kwa njaa. Ladha iko humohumo, na mtu asiye wa pwani anaizoea baada ya kurasa chache. Diwani nzuri ya aina hiyo huwa na faharasa nyuma, au maelezo mafupi chini ya ukurasa. Ikikosa vyote viwili, na kamusi yako haisaidii, iweke akiba uichukue siku nyingine.

Na yapo maneno yaliyofukuliwa kamusini ili mtunzi aonekane gwiji. Hayo utayatambua upesi: ukishaijua maana yake, shairi halijaongezeka kitu.

Mtoto aanze kusomewa mashairi akiwa na umri gani?

Kabla hajajua kuongea. Kwa mtoto mchanga maana haina kazi. Anafuata mapigo na sauti yako. Bembelezi ni ushairi wa kwanza wa kila mtu. Kitabu chochote chenye beti fupi zinazorudiarudia kitafaa, kikiwa na karatasi ngumu, maana kurasa zitalambwa.

Kitabu kizuri cha mashairi ya watoto kinakuwaje?

Kwanza, kinachekesha au kinashangaza. Watoto wana masikio makali kuliko sisi na hawana adabu ya kujifanya wamependa. Vitabu vingi vya mashairi ya watoto tulivyonavyo, kwa bahati mbaya, vimeandikwa na watu wazima waliotaka kuwaonya. Kila shairi linaanza na kitu cha kupendeza, ndege au mvua, na ukifika ubeti wa mwisho unakuta ndege alikuwa anawahimiza watoto kupiga mswaki. Linganisha hizi mbili, zote zimetungwa kwa ajili ya ukurasa huu:

Watoto tusome sana,
usiku hata mchana

Na hii:

Paka wangu ana ndevu,
usiku huwa mwerevu,
mchana huwa mvivu,
panya wote wamejua.

Ya kwanza ni agizo. Mtoto ataikariri akiambiwa aikariri. Ya pili ni umbo la utenzi, mizani nane kila mstari, kina kimoja kwa mistari mitatu, kisha mstari wa nne unavunja mazoea. Mtoto wa miaka mitano hajui hayo yote, lakini mstari wa nne utamfanya aangue kicheko, kwa sababu ghafla amejua siri ambayo paka anadhani ni yake peke yake. Kisha atauliza panya walijuaje. Swali hilo moja lina thamani kuliko maswali kumi ya zoezi.

Pili, tazama vitenzi. Shairi la watoto linalotembea lina kuruka, kudondoka, kufukuza, kunusa. Lililojaa ni na kuwa limekaa kitako.

Tatu, picha. Mchoraji mzuri anachora kitu ambacho shairi halikusema, mtoto akapata cha kugundua mwenyewe. Mchoro unaorudia maneno tu, paka chini ya neno paka, unamaliza kazi yake kwa mtazamo mmoja. Na rangi nyingi si lazima. Nimeona vitabu vya wino mweusi mtupu vikishindaniwa.

Mwisho, kisome chote mwenyewe kabla ya kukileta nyumbani, kwa sababu ni wewe utakayeombwa ukisome mara mia. Kikikuchosha mara ya pili, tafuta kingine.

Mwanangu anasema mashairi yanaboa. Nifanyeje?

Usimlazimishe, na usimwulize shairi linafundisha nini. Mwachie vitendawili, nyimbo za michezo na mashairi ya kipuuzi kabisa, yale yasiyo na maana yoyote. Kama anajua kusoma, mpe ngonjera, kwa sababu ni majibizano na hayasomwi na mtu mmoja. Mshairi Mathias Mnyampala aliyavumisha mashairi haya ya kujibizana nchini Tanzania, na ingawa mengi ya wakati ule yalibeba siasa, umbo lenyewe linawafaa watoto ajabu: mmoja anajigamba, mwingine anamkata kauli, wote wanafuata vina. Mpe yule mkaidi nafasi ya anayejigamba.

Na kijana wa miaka 13 hadi 17?

Huyu ni mgumu kumnunulia, kwa sababu chochote utakachomchagulia kina dosari moja: umekichagua wewe. Mwache achague, wewe simama mbali kidogo. Kama anasikiliza rapu, mashairi tayari anayajua. Anajua kina cha ndani na kina cha mwisho hata kama haviiti hivyo, na anatambua mstari mlegevu haraka kuliko wewe. Mtafutie washairi wanaoghani jukwaani na ambao pia wamechapisha. Akimsikia kwanza mshairi akighani, atakisoma kitabu kwa sauti ileile.

Jiandae kwamba atapenda mashairi ya huzuni na ya mapenzi yaliyovunjika. Ni umri wake. Diwani ya giza tupu haimpi ugonjwa; mara nyingi inampa maneno ya kitu alichokuwa nacho tayari. Zisome hata hivyo, ili akitaka kuzungumza usiwe mgeni.

Diwani ya mshairi mmoja au mkusanyiko wa wengi?

Kama bado hujui unapenda nini, chukua mkusanyiko. Ndani ya jioni moja utakuwa umekutana na sauti ishirini, na mbili tatu zitakukaa. Andika majina yao, kisha tafuta diwani zao. Mkusanyiko una kasoro yake: kila mshairi anakuja amevaa nguo ya sikukuu, na humjui alivyo siku za kawaida. Diwani ya mtu mmoja inakuonyesha anachorudiarudia, anachokikwepa, na anavyobadilika toka mwanzo hadi mwisho.

Kwa watoto mkusanyiko hushinda, ilimradi aliyeukusanya ana jicho lake mwenyewe. Tazama kama wametajwa washairi wote na kama mashairi yamepangwa kwa namna fulani. Kitabu ambacho hakikutaja nani kaandika nini kirudishe kilipotoka.

Nifuate tuzo?

Tuzo ni pa kuanzia. Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ina kipengele cha ushairi na hupokea pia miswada ambayo haijachapishwa, kwa hiyo kupitia kwake unaweza kukutana na mshairi ambaye hujawahi kulisikia jina lake. Tuzo ya Ushairi ya Ebrahim Hussein nchini Tanzania yenyewe hushindanisha shairi mojamoja, na mashairi teule yamekusanywa katika diwani ya pamoja. Hiyo ya pili inamfaa anayetaka kuonja wengi.

Ila kumbuka majaji ni watu waliosoma ushairi maisha yao yote. Kinachowasisimua wao huenda ni ujanja wa umbo ambao msomaji wa kawaida haupati mara moja. Tena tuzo nyingi hazina kipengele cha mashairi ya watoto, kwa hiyo kwa watoto utabaki kutegemea masikio yako.

Toleo jipya la kazi ya zamani linahesabika kuwa kipya?

Kwa aliyekuwa hajakisoma, ndiyo. Utenzi ambao Mwana Kupona binti Msham alimwandikia bintiye mwaka 1858 bado unatolewa upya, na tofauti kati ya toleo na toleo ni kubwa. Linalofaa ni lile lenye maandishi ya asili upande mmoja na maelezo au Kiswahili cha leo upande wa pili, ili jicho livuke bila kufungua kurasa za nyuma. Utajikuta unabishana na baadhi ya mawaidha yake, hasa yale ya mke kwa mume. Nalo ni jambo la kufurahia. Beti zake ni fupi, na kijana wa kike anayezisoma na mama yake au shangazi hakosi la kusema.

Vivyo hivyo diwani yenye kisa nyuma yake. Mashairi ya Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyochapishwa mwaka 1973, yalitungwa gerezani kati ya 1969 na 1972. Unaweza kuyasoma bila kujua hilo, lakini mistari kadhaa itakupita. Toleo linalokueleza mazingira kwa kurasa chache, kisha likakaa kimya, ndilo la kuchukua.

Mashairi yaliyotafsiriwa je?

Yapo mazuri. Jina la mfasiri liwe limeandikwa wazi, na usome ukurasa mmoja kwa sauti. Mfasiri wa mashairi ya watoto inabidi awe mshairi, maana mara nyingi atalazimika kumfukuza mnyama mmoja shairini na kumleta mwingine ili kina kipatikane. Aliyefuata maneno moja moja atakuwa amekuletea maana bila wimbo. Vitabu vya lugha mbili, kurasa zikitazamana, vinafaa sana kwa familia ambayo watoto wanakulia mbali na Kiswahili.

Mwandishi kajichapishia mwenyewe. Nikikwepe?

Hapana. Wachapishaji wengi hutanguliza vitabu vya shule, kwa hiyo mshairi mzuri anaweza kuwa hana njia nyingine. Kagua tu uhariri. Soma kurasa tatu ukitafuta makosa ya tahajia na ya mizani. Mshororo wenye silabi saba katikati ya wenzake wenye nane, pasipo sababu, unaonyesha kwamba hakuna aliyeusoma kwa sauti kabla ya kuupeleka mitamboni.

Kitabu cha mashairi ni lazima nikisome mwanzo hadi mwisho?

La. Anza popote.

Nataka kumpa mtu zawadi lakini sijui ladha yake.

Mpe kitabu ambacho wewe umekisoma, uweke karatasi kwenye shairi moja unalotaka aanze nalo, na uandike namba ya ukurasa kwa penseli ndani ya jalada. Kwa mtoto, mpe na muda wako: ahidi kumsomea matatu, yeye akuchagulie yapi. Usimpe mtu mzima aliyefiwa diwani ya maombolezo wiki hiyohiyo. Subiri miezi kadhaa. Na kwa yule anayetunga mwenyewe na kuyatuma kwenye kundi la familia kila Ijumaa, mpe diwani ya mtu anayeandika tofauti naye kabisa. Huenda atalalamika, lakini wiki mbili baadaye utaona vina vyake vimeanza kubadilika.